Mhusika Huyu Anakula Nini?

Leo ni zamu ya sinema, za zamani na za miaka hii ya karibuni, na zote nitazipima kwa swali moja linalonijia kila taa za ukumbi zinapozimwa: huyu mhusika anakula nini? Siulizi kuhusu sahani iliyo mezani. Nauliza riziki yake inatoka wapi, kodi ya nyumba anailipa kwa kazi gani, na kazi hiyo ikikatika leo, kesho watoto watalala na nini tumboni. Nimetazama filamu za kila namna, za mapenzi na za mapanga, za Kihindi, za Kijapani, za kwetu. Zilizonikaa moyoni miaka na miaka karibu zote zinalijibu swali hili. Nilizozisahau kabla sijafika kituo cha daladala zilijifanya swali halipo.

Twende Roma, mwaka 1948. Vita vimekwisha miaka mitatu nyuma na wanaume wamejaa mitaani bila kazi. Vittorio De Sica anatoa Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli. Antonio Ricci anaitwa jina katikati ya kundi la wanaosubiri vibarua, anapewa kazi ya kubandika mabango ukutani, lakini sharti awe na baiskeli. Baiskeli anayo, ila ameiweka rehani. Mkewe, Maria, hapotezi muda kwa kulia. Anatandua shuka za kitandani, anatoa na zile alizozitunza kabatini, anazifunga furushi, wanakwenda nazo duka la rehani ili baiskeli itoke.

Sasa sikilizeni alichofanya De Sica. Wamekwisha kulipwa, wangeweza kuondoka na filamu ikaendelea. Lakini kamera inabaki na mfanyakazi wa duka. Anachukua furushi la Maria, anapanda rafu kama mtu anayepanda ngazi, juu, juu zaidi, na kila rafu anayoipita imejaa mafurushi ya shuka, mpaka darini. Hakuna anayesema neno. Roma nzima inalala bila shuka, nawe umeyajua hayo katika sekunde chache. Nimeona filamu za saa tatu, zenye majeshi na mashua zinazoungua, ambazo hazikunieleza hali ya nchi namna ile.

Baiskeli inaibwa siku ya kwanza ya kazi. Antonio yuko juu ya ngazi anabandika bango la Rita Hayworth, nyota wa Hollywood mwenye gauni la fahari, na chini yake kijana anarukia baiskeli na kutokomea. Kinachofuata ni baba na mwanawe mdogo, Bruno, wakizunguka jiji kuitafuta. Kati ya msako huo wanaingia mkahawani, wanaagiza chakula kisicho cha hadhi yao, na mezani wanapiga hesabu ya mshahara: wa mwezi, wa saa za ziada, posho ya familia. Wanahesabu fedha ambazo tayari zimeondoka na baiskeli. Mwigizaji wa Antonio, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Inaonekana. Tazameni anavyoibeba ile ngazi begani, bila kuifikiria, kama mtu ambaye maisha yake yote amebeba vitu vizito kwa niaba ya wengine.

Miaka 15 baadaye, Dakar. Ousmane Sembène alikuwa amefanya kazi ya upakuzi bandarini Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa, kisha akaona kwamba watu anaowaandikia wengi hawasomi. Akaenda Moscow kujifunza sinema, umri umeshakaribia miaka 40. Mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu ya kama dakika 20 juu ya mwendesha mkokoteni wa farasi. Siku moja ya kazi, basi. Abiria wa asubuhi wanapanda na kushuka kwa kumpa mkono tu. Anambeba mama mjamzito kwenda hospitali. Anambeba baba mwenye maiti ya mtoto mchanga, na makaburini wanaambiwa karatasi hazijakamilika. Kidogo alichopata anampa mghani anayeimba sifa za mababu zake, na pale utu na njaa vinapambana mbele ya macho yetu, kwa maana anajua hiyo ni hela ya chakula, na bado anaitoa. Kisha anakuja bwana mwenye suti anayetaka kupelekwa Plateau, mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Polisi anachukua mkokoteni. Jioni mtu wetu anarudi na farasi peke yake, hana hata senti. Mkewe anampa mtoto amshike, anamwambia usiku huu tutakula, anafunga mlango wa uani na kutoka. Sembène hatuambii anakwenda wapi. Nimeujadili mwisho huo na watu wengi, na bado sijakubaliana nao kama ni tumaini au ni msiba.

Mwaka 1968 akatoa Mandabi, na hapa naomba tukae, kwa sababu katika zote nitakazozitaja leo, hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Watu wanazungumza Kiwolofu chao, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida hata kidogo katika sinema ya Afrika kusini mwa Sahara. Ibrahima Dieng ni mtu mzima, ana wake wawili na watoto saba, hana kazi, ila ana kanzu pana za heshima na anajua kutembea nazo. Siku moja inafika barua kutoka Paris pamoja na hawala ya posta ya faranga 25,000. Mpwa wake, anayefagia barabara za Paris, amezitunza senti kwa senti. Maelekezo yako wazi: 20,000 umwekee, 3,000 mpe mama yake, 2,000 ni zako mjomba.

Hawala haijavunjwa, lakini wale wake wawili wamekwisha kukopa mchele dukani kwa nguvu ya karatasi hiyo. Dieng anakula mpaka anabeua. Majirani wanabisha hodi mmoja mmoja. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Cheti kinataka tarehe ya kuzaliwa, na Dieng anaujua mwaka tu, tena kwa kukisia. Anakwenda kupiga picha, hela inachukuliwa, picha hazionekani, na anapodai anapigwa pua mpaka inatoka damu. Kila mlango anaobisha unamgharimu nauli. Deni dukani linapanda. Aliyewahi kusimama foleni mbele ya dirisha dogo na kuambiwa njoo kesho, kisha kesho akaambiwa faili halionekani, hataihitaji tafsiri ya chini ya picha ili aielewe Mandabi.

Mwishoni anajitokeza ndugu mwenye suti na gari, msomi, anasema niandikie idhini nikakuchukulie. Anachukua. Anarudi anasema amechomolewa fedha mfukoni, lakini ili mjomba asilale njaa, hili hapa gunia la mchele. Sembène hakumpiga Dieng risasi wala hakumfunga. Amemwonyesha tu njia ambayo jasho la mfagizi wa Paris limepita, mkono kwa mkono, hadi likaishia kwa yule ambaye hakuwa na njaa. Na filamu inachekesha! Hilo ndilo ninalolihusudu. Watu ukumbini wanacheka tangu Dieng ananyolewa chini ya mti, na kicheko chenyewe ndicho kinachowafikisha kwenye uchungu.

Ofisi zilimshughulisha pia Akira Kurosawa wa Japani. Katika Ikiru ya mwaka 1952 kuna kina mama wanaotaka dimbwi la maji machafu mtaani kwao likaushwe, na wanatumwa idara hadi idara mpaka wanarudi dirisha lile lile walikoanzia. Hadithi hiyo ilitengenezwa upya Uingereza mwaka 2022 kwa jina la Living, na Bill Nighy akaigiza vizuri sana. Lakini kina mama wa Tokyo walikuwa na hasira na jasho. Wale wa London wamepigwa pasi. Kwangu ya Kurosawa inabaki mbele.

Najua kuna mtu anasema: bwana, mimi natoka kazini nimechoka, unataka nikatazame tena watu wakihangaika? Nataka burudani. Ndugu yangu, burudani na kazi havijawahi kugombana. Charlie Chaplin mwaka 1936, katika Modern Times, alituwekea mtu anayekaza nati kiwandani mpaka mikono yake ikakataa kuacha kukaza, na mashine ya kumlisha mfanyakazi ili asipoteze muda wa chakula cha mchana. Watoto wasiojua kiwanda wanaanguka kwa kicheko. Au chukueni Sholay, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975, ambayo vizazi vizima huku kwetu vimeirudia. Tunakumbuka jambazi Gabbar Singh na bunduki. Lakini mashujaa wawili, Jai na Veeru, wako pale kijijini kwa sababu wamekodiwa, kuna malipo yaliyopatanwa. Na Basanti, mrembo wa hadithi, ni mwendesha gari la farasi! Hasubiri mchumba amlishe. Anapakia abiria, anaongea bila kupumua, anamsifia farasi wake, na majambazi wanapomkimbiza, gari lile lile la kazi ndilo analokimbia nalo. Ondoeni kazi ya Basanti, na ile mbio inayosisimua inakufa.

Tuje kwenye za karibuni. Parasite ya Bong Joon-ho, ya mwaka 2019, kila mtu ameizungumza, sitawachosha. Niseme tu kwamba kabla ya ujanja na damu, familia ile tunaikuta inakunja maboksi ya piza kwa malipo kiduchu, na mteja anakata hela kwa sababu maboksi yamekunjwa vibaya. Kila kinachofuata kimeota hapo.

Nina ugomvi na Perfect Days. Wim Wenders, Mjerumani, aliipiga Tokyo na ikatoka mwaka 2023. Hirayama ni mtu wa makamo anayesafisha vyoo vya umma katika eneo la Shibuya. Anaamka, anakunja godoro, anamwagilia miche yake, ananunua kahawa ya kopo kwenye mashine nje ya nyumba, anaweka kaseti ndani ya gari, anakwenda kazini. Koji Yakusho alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Cannes, na alistahili; anasugua kwa uangalifu, anatumia kioo kidogo kuangalia chini ya ukingo ambako jicho halifiki, na unaona fahari ya mtu anayeijua kazi yake. Mpaka hapo tuko pamoja, Wenders na mimi.

Lakini vyoo vyenyewe! Ni vyoo vilivyobuniwa na wasanifu mashuhuri wa majengo, kimoja kuta zake ni za vioo vinavyogeuka giza ukifunga mlango. Hirayama anaingia kusafisha mahali ambapo tayari ni pasafi. Katika saa mbili hatuoni uchafu ambao msafisha vyoo yeyote wa Dar es Salaam, Nairobi au hata Tokyo yenyewe anaukuta kila alfajiri. Kisha dada yake anakuja na gari la kifahari lenye dereva, ndipo tunaelewa kwamba huyu mtu aliuacha utajiri, kwamba umaskini wake aliuchagua. Haumwi mgongo. Hana deni dukani. Mwenzake kazini ndiye mwenye shida ya hela, na filamu inamfanya kijana wa kuchekwa. Nasema kwa heshima zote kwa Wenders: utulivu wa Hirayama unapendeza kwa sababu mwisho wa mwezi haumtishi. Dieng alikuwa na mwisho wa mwezi unaomtisha.

Linganisheni na Nairobi Half Life ya David 'Tosh' Gitonga, ya mwaka 2012. Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu kwa kuziigiza barabarani ili wateja wanunue, anakwenda Nairobi kuwa mwigizaji. Anaporwa siku ile ile anayofika na kuishia mahabusu. Huko anaamriwa kusafisha choo. Hicho ni choo kweli. Nilipoitazama mara ya kwanza kuna watu waliziba pua, na harufu haipiti kwenye skrini. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, anatupa karaha, hofu na ile akili ya mtu anayetafuta namna ya kutoka hai, vyote kwenye uso mmoja. Tangu hapo tunajua bei ya kila kitu katika maisha yake: kioo cha gari kilichong'olewa, bunduki ya kukodi, nafasi ya kusimama jukwaani. Kuna sehemu za mwisho zinazokimbia kuliko ninavyopenda, na risasi ni nyingi. Bado ni katika filamu bora zilizotoka Afrika Mashariki, na sababu ni kwamba haikuruka hatua hata moja kati ya kijijini na wizi.

Na kuna hii ya mwaka 2021 ambayo nataka kila anayenisikiliza aitafute: The Gravedigger's Wife, ya Khadar Ayderus Ahmed, Msomali wa Ufini. Imepigwa Djibouti, kwa Kisomali, na ndiyo iliyoshinda tuzo kubwa ya tamasha la filamu za Kiafrika, FESPACO, mwaka huo. Guled ni mchimba makaburi. Yeye na wenzake husimama nje ya hospitali na machepe mkononi, na gari la wagonjwa likipita hulikimbilia, huenda kuna maiti na kazi ya siku. Mtu huyu anakula pale wengine wanapofiwa. Kisha mkewe, Nasra, figo zinamharibikia, na upasuaji unagharimu dola 5,000. Fikirieni mtu huyo alivyo: kila asubuhi riziki yake inategemea kifo cha mtu mwingine, na sasa anatafuta fedha za kukizuia kifo kisiingie kwake.

Ahmed angeweza kututoa machozi kila dakika. Badala yake ametupa mke na mume wanaopendana waziwazi, wanaotaniana, wanaoshikana mikono na kucheka hata homa inapopanda. Ni nadra kwenye sinema, popote duniani, kuona maskini wakipendana namna hiyo bila mtengenezaji kuwahurumia. Guled anafunga safari ya miguu jangwani kurudi kijijini kwao, walikotoroka alipomwoa Nasra, akadai sehemu yake ya mifugo. Mnafika mahali mnahesabu mbuzi pamoja naye. Mbuzi wangapi wanatoa dola elfu tano? Hakuna anayetamka hesabu hiyo, na ukumbi mzima unaifanya.

Ya karibuni zaidi ni All We Imagine as Light ya Payal Kapadia, mwaka 2024, iliyopata tuzo ya pili kwa ukubwa Cannes. Wanawake watatu wa hospitali moja Mumbai. Wawili ni wauguzi, wa tatu, Parvaty, ni mpishi, na anatolewa katika nyumba aliyoishi miaka mingi kwa sababu marehemu mumewe hakuacha karatasi na wajenzi wa maghorofa wanakitaka kiwanja. Muuguzi mmoja, Prabha, ana mume aliyekwenda Ujerumani kufanya kazi na kunyamaza. Siku moja inaletwa sufuria ya umeme ya kupikia wali, imetengenezwa Ujerumani, bila barua. Usiku Prabha anaikumbatia sakafuni. Nyumba ngapi za pwani yetu zina vitu vilivyoletwa kutoka ng'ambo na mtu ambaye mwenyewe harudi?

Sasa nigeuke kwetu, na hapa nasema kwa uchungu wa mtu anayezipenda filamu za Kiswahili. Fungueni tamthilia jioni. Jumba lenye geti. Makochi. Mama anashuka ngazi, binti anashuka ngazi, baba anaingia na funguo za gari. Baba anafanya kazi gani? Ni mfanyabiashara. Biashara gani? Hatuambiwi. Ana kampuni, na kampuni ni chumba chenye meza na kompyuta iliyozimwa. Watu wanadhulumiana urithi vipindi hamsini, na hatujaona hata mara moja urithi huo ulivyopatikana. Msaidizi wa nyumbani, ambaye ndiye pekee tunayemwona akifanya kazi, amewekwa pale aanguke na sinia tucheke.

Naelewa sababu za watengenezaji. Jumba moja la kuazima kwa siku chache ni rahisi kuliko kupiga picha sokoni, ambako kuna kelele, vibali na watu wanaokodolea kamera. Bajeti ni ndogo. Lakini Sembène alipiga Borom Sarret kwa farasi, mkokoteni na barabara. Na uwezo tunao: Amil Shivji alipoitoa Vuta N'kuvute mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ikafika tamasha la Toronto, tuliona Unguja ya miaka ya 1950 ikipigwa picha kwa mwanga ambao haujawahi kuonekana katika filamu ya Kitanzania. Uzuri ule uliniondolea maneno. Ningependa tu mhusika wake mkuu, Yasmin, baada ya kumkimbia mume, tumwone zaidi akitafuta shilingi ya kesho, maana riwaya inalijua jambo hilo vizuri.

Kwa hiyo kwa waongozaji vijana wanaonisikiliza, nina ombi. Pale Paje na Jambiani, Unguja, kina mama wanalima mwani. Wanaingia baharini maji yakipwa, wanafunga vipande kwenye kamba, wanasubiri wiki kadhaa, wanavuna, wanaanika, wanapima kilo kwa mnunuzi ambaye bei anaipanga yeye. Bahari ikipata joto mwani unaoza mikononi mwao. Mwandikieni mmoja wao hadithi: ana binti anayetaka kwenda shule ya bweni, ana mume aliyezoea kushika pesa yeye, ana shoga yake anayegombea naye mpaka wa vigingi vya kamba baharini. Mtuonyeshe mizani, mtuonyeshe daftari la madeni. Njooni nayo hapa studioni ikikamilika, nami nitatenga kipindi kizima kuizungumza.